Majira ya Mwaka na Furaha ya Nyumbani



Nimeombwa niseme nanyi juu ya furaha ya nyumbani, na nimeambiwa pia nisiwachoshe. Furaha ni neno kubwa, na mtu akitaka kulieleza lote atalala hapa. Kwa hiyo nitashika upande mmoja tu, nao ni majira ya mwaka, yaani mvua na jua, baridi na joto, na jinsi yaingiavyo nyumbani mwetu na kutupa chakula, kazi, na mambo ya kukumbuka. Nasema haya kwa sababu watoto wetu wengi, hasa wale wakuao mijini, wajua tarehe lakini hawajui majira. Ukimwuliza mtoto huu ni mwezi gani, atakujibu upesi. Ukimwuliza huu ni wakati wa kupanda nini, au ni upepo gani uvumao sasa, atakutazama tu.

Wako wasemao ya kwamba nchi yetu haina majira, kwa kuwa imekatwa na mstari wa Ikweta. Wageni watokao Ulaya hupenda kusema hivyo, maana hawaoni theluji huku, wala miti yote kupukutika majani kwa pamoja. Basi na waseme. Mimi nimezaliwa Pwani, na katika lugha yetu ya Kiswahili majira yana majina mengi kuliko vidole vya mkono mmoja: kaskazi, masika, kusi, kipupwe, demani, vuli. Tena kuna siku zile upepo haujaamua uende wapi, nazo mabaharia waliziita tanga mbili, kwa sababu chombo chaweza kutweka tanga na kwenda huku au kule. Watu wasio na majira hawangehitaji maneno haya yote.

Sababu ya pepo hizi si siri. Mwezi wa Juni na Julai jua huwa upande wa kaskazini, na nchi kavu ya Asia hupata joto kali. Hewa yake hupanda juu, na upepo wa baharini hutoka kusini kwenda kujaza mahali pake. Huo ndio kusi. Mwezi wa Desemba na Januari mambo hugeuka, upepo ukarudi kutoka kaskazini. Kwa karne nyingi majahazi ya Arabuni na Ghuba yalikuja Mombasa na Lamu kwa kaskazi, yamepakia tende na papa mkavu na mazulia, yakangoja, yakarudi kwao kwa kusi na boriti za mikoko. Biashara hiyo ilipungua sana baada ya miaka ya 1960, na siku hizi Bandari ya Kale haijai tena. Lakini kaskazi ingali yaja, na pamoja nayo maembe. Mama yangu hakuhitaji kalenda. Alipoona boribo la kwanza limegeuka rangi, alitoa mikeka nje, maana alijua joto limefika na ya kwamba sisi hatutalala ndani kabla ya saa nne za usiku. Hadithi zote nizijuazo nilizisikia juu ya mikeka ile, midomo yetu ikinata utomvu wa maembe.

Wazee wa Pwani walikuwa na hesabu yao pia. Mbali na miezi ya mwandamo, waliyoitumia kwa dini, walihesabu mwaka wa jua kuanzia siku ya Nairuzi, neno la Kiajemi lenye maana ya siku mpya. Mwaka huo una siku 365, umegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za ziada. Mkulima na baharia waliulizana, “Leo mwongo wa ngapi?” na kutoka hapo wakajua ni wakati wa kulima au wa kufunga chombo. Hesabu hii ina upungufu mmoja. Haina ile siku iongezwayo kila mwaka wa nne, na kwa hiyo Nairuzi yasogea nyuma polepole. Siku hizi huangukia mwezi wa Julai, na huko Makunduchi, Unguja, hufanyiwa sikukuu hata leo.

Sasa tupande bara, maana najua wengi walioketi hapa hawajali habari za matanga.

Wakikuyu wana mvua mbili, nao wameziita kwa majina ya chakula. Zile za Machi hata Mei ni mvua za njahi, yaani fiwi zile nyeusi zenye mstari mweupe. Na zile za Oktoba hata Desemba ni mvua za mwere, ndiyo mawele. Nami naona ni busara kubwa kuiita mvua kwa jina la kile itakachokupa. Njahi hupikiwa mama aliyejifungua, apate nguvu na maziwa, na hivyo jina la mvua laingia chumbani mwa mzazi pamoja na moshi wa jikoni. Leo mawele yamekwisha katika mashamba mengi ya huko, lakini jina limebaki. Mtoto akiuliza, “Mwere ni nini?” mzazi asimwambie aache kelele. Huo ni mlango wa mazungumzo ya jioni nzima.

Kwa Wakamba, mvua za mwisho wa mwaka ndizo za kutumainiwa zaidi, na zile ndefu mara nyingi huwavunja moyo. Kwa hiyo ukienda Machakos au Kitui mwezi wa Februari, baada ya mavuno mema, utakuta muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa maganda na kupikwa na maharagwe, na utakuta watu wamenenepa kidogo.

Lakini wakubwa wa jambo hili, kwa maoni yangu, ni Wabukusu. Hao waliandika majira katika watoto wao. Mtoto wa kiume aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, na wa kike ni Nafula. Aliyezaliwa wakati wa palizi ni Wanyonyi, au Nanyonyi. Wekesa na Nekesa ni wa mavuno. Simiyu na Nasimiyu ni wa kiangazi. Na Wanjala na Nanjala walizaliwa wakati wa njaa. Si wao peke yao. Wajaluo wana Okoth na Akoth wa mvua, Wakamba wana Wambua na Mumbua, na Wakalenjin wana Kiprop na Jerop. Mama akiwaita watoto wake jioni waje kula, ni kama kwamba asoma mwaka mzima mlangoni.

Hapa ndipo penye jambo linisumbualo. Siku hizi jina la Wafula huandikwa kitabuni kama jina la ukoo, kwa sababu babu aliitwa hivyo, na mtoto mwenyewe amezaliwa hospitalini Nairobi mwezi wa Januari, jua likiwaka. Silaumu, jina la babu ni heshima. Lakini nani atamwambia mtoto huyo ya kwamba babu yake alizaliwa usiku wa mvua, na mkunga alifika amelowa hata mifupa? Asipoambiwa, atabaki na herufi tu. Naomba kila mmoja wenu aliye na mzazi hai amwulize wiki hii: siku niliyozaliwa, hali ya nje ilikuwaje? Kulikuwa na chakula gani nyumbani? Nani alikuwapo? Nimewauliza vijana wengi maswali haya, na ni wachache sana waliojua. Wazazi hawafichi neno, hawajaulizwa tu. Na mzee akiondoka, huwezi kwenda kuuliza ofisini.

Mtu asidhani ya kwamba nawaambia kila majira ni matamu. Wenye umri wa kutosha wakumbuka mafuriko ya mwishoni mwa 1961. Wengi zaidi wakumbuka ukame wa 1984, serikali ilipoleta mahindi ya manjano kutoka ng’ambo, na watu waliozoea mahindi meupe wakayala kwa kuyanung’unikia. Yalikuja mavua ya El Nino ya 1997, yakachukua madaraja. Kutoka mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu za kaskazini na mashariki, na wafugaji wakaona makundi yao yakilala chini yasiamke. Kisha masika ya 2024 yakaja na mafuriko yaliyoua watu wengi. Hayo nayo ni majira, nayo ni mambo ya nyumbani. Nimeona familia moja wakicheka hata machozi kwa kukumbuka ugali wa manjano, jinsi baba yao alivyoulazimisha kuuita keki. Kicheko kile hakikumaanisha ya kwamba njaa ilikuwa ndogo. Kilimaanisha ya kwamba waliipita pamoja.

Na kwa kuwa mvua haziji tena kwa ahadi kama zamani, mkulima hana budi kusikiliza pande mbili: mzee ajuaye dalili za mahali pake, na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri kabla ya kila msimu. Anayeshika mmoja na kumdharau mwingine ajipunguzia msaada.

Niseme neno kwa wanaume wafanyao kazi mbali na kwao. Wengi wetu huenda nyumbani mara moja tu, Desemba, na mikono imejaa sukari na mikate. Twala, twalala, twarudi. Mtoto wa mtu wa namna hii amjua baba yake kama ajuavyo maembe, kitu cha msimu mmoja. Hajamwona akilowa shambani, wala akipura maharagwe, wala akitetemeka kwa baridi ya Julai na kuomba uji. Ikiwa mwajiri wako akubali kuigawa likizo, chukua siku chache za kupanda au za kuvuna. Najua si kila mwajiri akubaliye, na najua nauli si mchezo. Lakini nimemsikia mama mmoja akisema ya kwamba wiki moja ya baba wakati wa kupanda ilimfaa mwanawe kuliko Krismasi tatu, nami namsadiki.

Walio mjini wasikate tamaa. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mawingu huiziba kutwa nzima, basi huo ndio wakati wa githeri ya moto, na watoto kukaa karibu karibu, na mtu kusema “Kitendawili!” nao wakajibu “Tega!” Lakini sikilizeni vizuri hapa. Jiko la makaa msiliweke kamwe chumbani pamefungwa mlango na dirisha, wala msilale nalo. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na kila msimu wa baridi husikia watu wa nyumba moja hawakuamka. Pikieni nje au penye upepo, na usiku tumieni blanketi. Tena aliye na mkebe mtupu na ujazo wake wa udongo aweza kupanda sukuma wiki mlangoni mvua zikianza, na mtoto awe ndiye mwenye kazi ya kutazama jani la kwanza.

Nimalize kwa kumbikumbi, kwa sababu sijaona furaha ya bei nafuu kama hiyo. Mvua za kwanza zinyeshapo, hutoka kichuguuni kwa maelfu. Katika sehemu za magharibi watu hawangoji kubahatisha. Hufunika kichuguu kwa fito na majani au blanketi, huacha tundu moja lenye mwanga, huchimba kishimo mbele yake, kisha watoto hukaa wakigonga vijiti juu ya ubao, ta-ta-ta-ta, mpaka wadudu wadhani ni mvua na kutoka. Mtoto wa miaka sita apewa kazi ya kugonga, na ole wake akisinzia. Wakiisha kupatikana, hukaangwa bila mafuta, maana mafuta wanayo wenyewe, kwa chumvi kidogo tu, mbawa zikapepetwa kwa ungo. Na wanaobaki huanikwa juani wakawa akiba. Bibi aonjaye bakuli lile lazima atasema ya kwamba wale wa mwaka fulani walikuwa wanono zaidi, na mwingine atabisha, na mwaka huo utatajwa kwa matukio yake yote, nani aliolewa, ng’ombe gani alizaa.

Nimeona kina mama wawili pale mbele wakitikisa vichwa niliposema chumvi kidogo. Muda wangu umekwisha, na chai iko tayari. Wao waulizwe juu ya kiasi, maana wamewakaanga mara nyingi kuliko mimi.