Aljebra na Ubao Uliopindwa



Mtu akisikia ya kuwa kijana anatafuta shahada ya udaktari katika hisabu, tena hisabu ya mipindo na maumbo, huuliza: "Je, hayo yatampatia unga?" Swali hilo si la kubezwa. Kamembe iko mpakani, Bukavu i ng'ambo ya mto, na biashara humlipa mtu siku ile ile. Tena zamani za wakoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu waliwazuia watoto kwa kuchelea dini yao. Hao walikuwa na udhuru. Wazazi wa leo hawanao.

Basi na ijulikane elimu hiyo yatoka wapi. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyekaa Baghdad katika karne ya 9, alitunga kitabu ambacho ndicho kilichoipa aljebra jina lake, na sehemu kubwa ya kitabu hicho ni masuala ya wasia na mirathi. Kiasi kisichojulikana alikiita "kitu". Mathalan, marehemu ameacha wana wawili wa kiume na binti mmoja, na faranga 100,000. Fungu la binti na liwe kitu. Kila mwana wa kiume apata vitu viwili. Jumla ni vitu vitano. Kitu, basi, ni faranga 20,000. Baadaye Omar Khayyam, aliyefariki mwaka 1131, alitatua masuala ya digrii ya tatu kwa kukutanisha mistari iliyopinda, akaiweka hisabu pamoja na michoro.

Wachoraji wa merikebu nao walikuwa wakipinda ubao mwembamba na kuushikiza mahali mahali, wapate mstari usio na kigongo. Wanahisabu wameuiga ubao ule. Schoenberg aliandika juu yake mwaka 1946: vipande vya aljebra huungwa kimoja kwa kimoja, na kila kiungo kikawa laini. Kwa njia hiyo leo husanifiwa miili ya motokaa na ndege.

Taabu i katika nyuso pana, zinazogawanywa kwa pembetatu. Chora pembetatu, na ndani yake nyingine iliyopinduliwa, kisha unganisha pembe zao. Vipande vikiwa vya digrii ya pili na viungo vilaini, nyuso zilizo huru, zisizotokana na nyingine, ni 6. Lakini mchoro ukilingana sawasawa pande zote, huwa 7! Sogeza nukta moja kidogo tu, na ule wa saba watoweka. Ajabu hii waliionyesha Morgan na Scott. Kuhesabu kwa vidole hakukufaa tena, ikaitwa aljebra. Strang wa Marekani alitoa makisio yake mwaka 1973. Louis Billera akayathibitisha mwaka 1988, kwa michoro isiyo na ulinganifu wa namna ile, akapewa tuzo ya Fulkerson mwaka 1994.

Kwa vipande vya digrii ya tatu, katika kila mkao wa pembetatu, jawabu halijapatikana hata leo. Taasisi ya AIMS, ifundishayo hisabu za juu, ilifunguliwa Kigali mwaka 2016, na basi litokalo Kamembe asubuhi hufika Kigali siku hiyo hiyo.