Chuo Kidogo Visiwani: Masomo, Maktaba na Dahalia



Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, kilianzishwa kwa Sheria Namba 8 ya 1999. Wakati huo Unguja ilikuwa tayari na vyuo vikuu viwili vya binafsi, vyote vya mwaka 1998: Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu, na Chuo cha Elimu cha Chukwani ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Sumait. Kwa visiwa ambamo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773, vyuo vitatu ni neema kubwa. Lakini vyote vitatu ni vidogo ukivilinganisha na Mlimani au Dodoma, na kila panapokaa kikao cha mipango husikika kauli ile ile: tuongeze shahada, tuongeze wanafunzi, tukue.

Mimi nasema udogo wenyewe ndio mali yetu, na tunaweza kuipoteza kwa haraka ya kukua. Mhadhiri mwenye wanafunzi ishirini anawajua kwa majina. Anajua nani anatoka Makunduchi na nani amevuka kutoka Wete, anajua nani kapotea darasani wiki mbili na anaweza kumuuliza kulikoni. Insha anaisoma yeye mwenyewe, anairudisha na wino mwekundu, kisha anaisoma tena ikisharekebishwa. Katika ukumbi wa watu mia nne hayo hayawezekani, hata mhadhiri awe na moyo wa namna gani. Basi swali la kwanza kwa kila shahada mpya inayopendekezwa liwe hili: italeta ukaribu huo, au itamchukua mhadhiri yule yule mmoja na kumgawa mara tatu?

Hapa nataka nikae kidogo juu ya masomo, maana ndipo penye utajiri. Chuo cha visiwani hakina sababu ya kufundisha kila kitu. Kinapaswa kufundisha vizuri kuliko mtu yeyote yale ambayo bahari, mashamba na lugha yetu vimeyaweka mlangoni. Chukueni mwani. Ulianza kulimwa kwa biashara Unguja mwaka 1989, upande wa mashariki, na tangu hapo wanawake wa Paje, Jambiani na vijiji vingine wamesomesha watoto na kujenga nyumba kwa fedha yake. Ule wenye bei nzuri zaidi, kotonii, umekuwa ukifa kila maji ya kina kifupi yanapozidi joto. Hilo ni tatizo la kemia, la biolojia, la uchumi na hata la sheria, kwa sababu kuupeleka mwani kwenye kina kirefu kunataka vyombo, mtaji na watu wanaojua kuogelea. Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekuwa ikifanya utafiti hapa hapa Unguja tangu 1978, kwa hiyo wenzetu wa kushirikiana nao tunao jirani. Nawaza mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma uchumi na mwenzake anayesoma sayansi wakishuka pwani moja siku za bamvua, wakati wakulima wako kazini, kila mmoja na maswali ya fani yake. Ila ratiba zetu za vitendo hupangwa kwa siku za wiki, na bahari haijui Jumatano. Kupanga mafunzo ya vitendo kwa kalenda ya maji hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji ofisi ya masomo ikae na mvuvi mmoja kwa saa moja.

Kiswahili ni hivyo hivyo. Lahaja ya Unguja Mjini ndiyo iliyochaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, TAKILUKI, imewapokea wageni wengi pale Vuga wanaokuja kujifunza lugha huku wakiishi na familia za mjini. Lakini Kimakunduchi, Kitumbatu na Kipemba vinazungumzwa na wazee ambao hawatatungoja. Kila mwanafunzi wa shahada ya Kiswahili angetakiwa kurudi na saa kadhaa za sauti za mzee mmoja, zikahifadhiwa mahali wengine watakapozikuta.

Mahali hapo ni maktaba. Nazungumzia maktaba inayofunguliwa usiku, yenye umeme wa akiba, na yenye nakala za kutosha za vitabu vya nyumbani. Mwanafunzi wa fasihi asimalize shahada Zanzibar bila kuishika kwa mkono riwaya ya Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, au Kuli ya Adam Shafi. Na pale Kilimani, mwendo wa miguu kutoka Vuga, Nyaraka za Taifa zinahifadhi kumbukumbu za enzi za Usultani na za utawala wa Waingereza, pamoja na maandishi ya Kiarabu na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Watafiti huvuka bahari kuja kuyasoma. Muhula mmoja wa kusoma hati hizo, kwa watoto waliopitia chuoni kwa mwalimu wa Kurani na tayari wanazijua herufi, ungetupatia wanahistoria ambao ni nadra kupatikana kwengine.

Sasa maisha ya mwanafunzi. Mwaka 2016 vyuo vya afya vya Mbweni, utalii cha Maruhubi na fedha cha Chwaka viliunganishwa na SUZA. Ni hatua ninayoiunga mkono, kwani iliwapa wanafunzi wa fani hizo mlango wa chuo kikuu. Ila kampasi zikawa nyingi na zimetawanyika: Tunguu, Vuga, Nkrumah ya Beit el Ras, na hizo nilizozitaja, halafu Pemba. Anayepanga chumba Ng'ambo na kusoma Chwaka anaacha sehemu kubwa ya siku yake ndani ya daladala. Hapati saa ya kubishana na wenzake baada ya darasa, na nusu ya elimu ya chuo kikuu hupatikana kwenye mabishano hayo.

Ndiyo maana naiweka dahalia mbele ya ukumbi mpya wa mihadhara. Kwa msichana wa Micheweni, dahalia mara nyingi ndiyo inayoamua kama wazazi watamruhusu kuvuka. Wanamwuliza atalala wapi, na jibu la "atapanga chumba mtaani" halimridhishi baba wala mama. Na dahalia bila jiko ni nusu ya dahalia. Mwezi wa Ramadhani mwanafunzi aliyechelewa kupata fedha za mkopo anahangaikia futari na daku huku mitihani ikimkaribia. Jiko la pamoja, lenye bei ya mwanafunzi na linalofungua saa za daku, lingewasaidia wengi kuliko semina za ushauri tunazowapangia.

Nimalizie na Pemba, ambayo kwenye mipango yetu huja mwisho, kama ninavyofanya hapa. Kampasi ya Benjamin Mkapa, Mchangamdogo, isisubiri kupewa kila kitu kilichopo Tunguu. Ipewe fani moja inayoongoza kwa visiwa vyote. Mimi ningechagua karafuu na viungo, kuanzia udongo hadi soko la nje, kwa sababu sehemu kubwa ya karafuu yetu inatoka huko. Wanafunzi wa Unguja watakaotaka fani hiyo wavuke wao. Boti ya Mkoani inakwenda pande zote mbili. Napendekeza semina hii iunde kamati ndogo, yenye wanafunzi wawili wa Pemba ndani yake, ituletee makisio ya dahalia, maktaba na mashamba ya mafunzo kabla ya bajeti ya mwaka ujao kufungwa.