Sifongo wa Bahari na Jina Lake



Mvuvi wa Shimoni au Gazi anamjua sifongo. Humwona ameganda mwambani, mwekundu, mweusi au wa manjano. Wengi humdhania mmea, kumbe ni mnyama: hana macho wala tumbo, na huishi kwa kuchuja maji.

Kumtambua ndiko kugumu. Sifongo wa aina moja aweza kuwa bapa penye mawimbi na mrefu penye maji matulivu. Kwa miaka mingi wataalamu walichunguza kwa hadubini miiba midogo iliyomo mwilini mwake. Lakini wapo wasio na mwiba hata mmoja.

Hapo ndipo DNA inaposaidia. Hukatwa kipande kidogo, kikatiwa kwenye spiriti, na maabara husoma sehemu ya jeni iitwayo COI, herufi 650 hivi za A, C, G na T. Mfuatano huo hulinganishwa na ile iliyokwisha kuhifadhiwa. Kwa ushahidi wa namna hii, mwaka wa 2012 sifongo waitwao Homoscleromorpha walitengwa rasmi kuwa kundi kuu la nne.

Hata hivyo DNA nayo hupotosha. COI ya sifongo hubadilika polepole mno, hivyo spishi mbili zaweza kuwa na herufi zilezile. Tena sifongo ni nyumba yenye wapangaji: bakteria, minyoo, kamba wadogo. Usipoangalia, utasoma DNA ya mpangaji ukidhani ni ya mwenye nyumba! Kwa hiyo kipande chenyewe huwekwa, pamoja na rekodi ya mahali na kina alikotolewa.

Mkazi wa pwani ana hisa hapa. Saitarabini, dawa ya saratani ya damu, ilibuniwa kwa kufuata kemikali za sifongo wa Karibi. Eribulini, ya saratani ya matiti, ilitokana na sifongo wa Japani. Sampuli isiyo na rekodi ya ilikotoka haina mwenyewe, na asiye mwenyewe hadai chochote. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2006 zinamtaka anayechukua rasilimali za kijenetiki apate kibali cha NEMA, na aonyeshe kwamba wahusika waliarifiwa na wakaridhia.

Basi mgeni akifika na chupa za spiriti akitaka kuzamia, viongozi wa BMU wamuulize kabla mashua haijang'oa nanga: kibali kiko wapi, nani aliridhia, na vipande vitawekwa wapi?