Kabla ya Miaka 70, Nani Atakulisha?

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia



Leo tuongee juu ya uzee. Wengi husema, "Watoto watanitunza," ama, "Serikali italeta." Watoto tunawaombea mema, lakini nao wana karo na kodi ya nyumba. Hebu basi tuangalie upande wa serikali.

Mpango wa Inua Jamii humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni msaada, na tunashukuru. Lakini ukigawa kwa siku 30, unapata kama shilingi 66 kwa siku. Tena ni za aliyefika miaka 70, na ni lazima awe ameandikishwa. Sasa nawauliza: mgongo ukikataa jembe ukiwa na miaka 60, hiyo miaka kumi utakula nini? Hapo ndipo penye shimo, na shimo hilo tutalijaza sisi wenyewe.

Aliyeajiriwa hukatwa pesa za NSSF, na mwajiri naye huongeza zake. Lakini hata mkulima, fundi ama mama wa sokoni anaweza kujiandikisha. Kuna mpango wao uitwao Haba Haba, wa shilingi 25 kwa siku. Tufanye hesabu pamoja. Shilingi 25 kwa siku 365 ni 9,125 kwa mwaka. Mwenye miaka 40 akianza leo, akifika 60 atakuwa ameweka 182,500, bila kuhesabu faida. Gawa hizo kwa ile miaka kumi: ni shilingi 1,500 na kitu kila mwezi. Si utajiri, na bei za vitu hupanda. Lakini si sawa na kukaa mikono mitupu.

Meri-go-raundi ni nzuri, ila pesa zake huja leo na kuisha leo. Hiyo si akiba ya uzee. Kama uko katika sacco, uliza ni zipi hisa na ni zipi akiba. Akiba hurudishiwa ukitoka, kama huna deni wala hujamdhamini mtu. Hisa hurudishiwi, humuuzia mwanachama mwingine.

Mkirudi nyumbani, fanyeni haya:

1. Tazama mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho. Kama umekosewa, anza kuurekebisha sasa, usingoje miaka 69.
2. Andikisha jina la mrithi katika kila akaunti, na mtu mmoja unayemwamini ajue vitabu viko wapi.
3. Mzee wa miaka 70 ambaye hajaandikwa, kikundi kimpeleke kwa chifu ama kwa afisa wa maendeleo ya jamii.

Maswali ya kuzungumza kikundini:

- Ni wazee wangapi kijijini kwetu wako kati ya miaka 60 na 70? Wanaishi kwa nini?
- Kila mmoja wetu anaweza kuweka shilingi ngapi kwa wiki, bila kuzigusa?