Kutoka Syracuse hadi Syracuse: Njia ya Kocha Felisha Legette-Jack



Niliombwa nizungumze juu ya mwanamke na taaluma ya ukocha. Mada hiyo ni pana, na mara nyingi tukiianza hivyo tunaishia kwenye maazimio ambayo hakuna anayeyasoma tena. Nimeona afadhali nimchukue kocha mmoja wa mpira wa kikapu wa wanawake wa vyuo vikuu Marekani, tumfuate kituo kwa kituo, tuone kila kituo kilimpa nini. Ni Felisha Legette-Jack, kocha mkuu wa Chuo Kikuu cha Syracuse, mji uleule alikozaliwa mwaka 1966.

Hadithi yake husimuliwa kama ya mtoto wa nyumbani aliyerudi nyumbani. Ni kweli, lakini kusimuliwa hivyo kunaficha jambo ambalo sisi wa kazi hii tunalihitaji zaidi. Hoja yangu ni kwamba kuzaliwa Syracuse hakukumpa kiti cha Syracuse. Alikipata kwa kazi aliyoifanya mahali ambako hakuwa mtoto wa mtu.

Mji na mpira wake

Syracuse iko katikati ya jimbo la New York, mbali na lile jiji mnaloliona kwenye filamu. Ni mji wa theluji, uliokua kwa biashara ya chumvi na kwa mfereji wa Erie, kisha viwanda vikaja na vingi vikaondoka. Kwa mtu wa kikapu, mji huu una heshima yake. Mwaka 1954, Danny Biasone, aliyekuwa akimiliki timu ya kulipwa ya Syracuse Nationals, aliukomesha mchezo wa kushikilia mpira kwa hesabu ndogo tu. Mechi ya ligi ile ina dakika 48, yaani sekunde 2,880. Mechi nzuri, kwa macho yake, ilikuwa na mitupo kama 120 kwa timu zote mbili. Gawanya, unapata 24. Ndiyo saa ya sekunde 24 tunayoitumia hadi leo, na pale mjini wameijengea mnara wa kumbukumbu.

Mwaka 1963 timu hiyo iliuzwa ikahamia Philadelphia, na tangu hapo chuo kikuu ndicho timu ya mji. Wengi wetu hapa tulilisikia jina la Syracuse Machi 2009, siku ambayo Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet, akikichezea Chuo Kikuu cha Connecticut, alicheza nao mechi iliyokwenda hadi muda wa nyongeza mara sita. Syracuse walishinda 127 kwa 117. Hao ni wanaume, lakini mnaweza kupima jinsi mchezo huu ulivyo mzito kwa watu wa kule.

Legette-Jack alisoma sekondari ya Nottingham, palepale mjini, akaingia Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 1985. Alipomaliza mwaka 1989 alikuwa anaongoza orodha ya chuo kwa pointi na kwa rebaundi. Novemba 2021 jezi yake namba 33 ilipandishwa juu ya ukumbi, ya kwanza ya mwanamke katika historia ya chuo hicho. Angalieni tarehe hiyo: wakati huo alikuwa bado ni kocha wa chuo kingine.

Kurudi kwa kwanza

Sehemu hii hurukwa katika masimulizi mengi. Legette-Jack alirudi nyumbani mara mbili, na mara ya kwanza haikumfikisha popote.

Baada ya kuhitimu alianza kwa kufundisha timu ya sekondari, akaenda Boston College kama kocha msaidizi, na mwaka 1993 akarudi Syracuse kwa kazi hiyohiyo. Alikaa hadi mwaka 2000. Kocha msaidizi katika vyuo vile si mtu wa kubeba mipira na chupa za maji. Ndiye anayekaa na mikanda ya video usiku kuchambua mpinzani wa keshokutwa. Ndiye anayeendesha gari hadi kwenye ukumbi wa shule fulani kumtazama msichana wa kidato cha tatu, na akitoka pale ameshajua jina la mama yake, la kocha wake, na somo linalomsumbua. Kwa kazi hiyo, mtu wa kwao ana faida, kwa sababu anaijua mitaa na mitaa inamjua.

Lakini faida hiyo ina ukuta wake. Anayekujua tangu ukiwa mchezaji huona tabu kukuona bosi. Sisemi kwamba alibaguliwa au alizuiwa, sina ushahidi huo. Nasema tu kile kinachoonekana katika mwenendo wa kazi yake: ili awe kocha mkuu, ilibidi aondoke. Alikwenda Michigan State kwa misimu miwili akiwa bado msaidizi, na mwaka 2002 chuo cha Hofstra, kule Long Island, kikamkabidhi timu.

Mwaka 2003 kiti cha kocha mkuu Syracuse kilikuwa wazi, kikachukuliwa na mwanamume. Mwaka 2006 kikawa wazi tena, kikachukuliwa na mwanamume mwingine. Mwaka huohuo wa 2006 yeye alihama Hofstra kwenda Chuo Kikuu cha Indiana. Hapa sina budi kuleta takwimu moja, maana bila hiyo picha haieleweki. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali kuu. Kabla yake, zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni zilifundishwa na wanawake. Kufikia mwaka 2014 timu hizo zilikuwa kama asilimia 43. Sheria iliwaletea wasichana viwanja, safari na ufadhili wa masomo. Ilileta pia mishahara, na mishahara ilipokuja, wanaume waliona kwamba kufundisha wanawake ni kazi. Wenzetu wa netiboli wataelewa ninachosema.

Indiana na Buffalo

Indiana ni jimbo la kikapu kuliko jimbo lolote, na kocha anayepoteza pale anapoteza mbele ya watu wanaojua anachokikosea. Alikaa misimu sita. Msimu wa mwisho, 2011/12, timu ilishinda mechi 6 ikapoteza 24, akafukuzwa.

Tusiupite msimu huo kwa haraka. Kwetu, kocha akifukuzwa hutafutiwa kisingizio au hutafutiwa kosa, halafu anapotea. Anarudi darasani, anafungua duka, tunakutana naye harusini. Huyu alikuwa na miaka zaidi ya arobaini na rekodi mbaya mkononi. Yuko aliyemwajiri mwaka huohuo: Chuo Kikuu cha Buffalo, upande wa magharibi wa jimbo la New York, kama kilomita 240 kutoka alikozaliwa. Kwa ngazi, ilikuwa ni kushuka. Indiana inacheza katika moja ya makundi makubwa ya vyuo. Buffalo ilikuwa katika kundi la kati, na timu yake ya wanawake ilikuwa haijawahi kuingia mashindano ya taifa ya NCAA hata mara moja.

Ilichukua hadi mwaka 2016. Mwaka huo Buffalo waliingia mashindano ya kundi lao wakiwa wa nane, na wakayachukua, jambo ambalo hata mashabiki wao sidhani walilitarajia. Kushinda kundi kunatoa tiketi ya moja kwa moja ya NCAA. Miaka miwili baadaye, fainali ya kundi waliipoteza, lakini msimu wao ulikuwa mzuri kiasi kwamba waliteuliwa hata hivyo. Walipangwa nafasi ya 11, yaani watu wa kusindikiza. Wakawafunga South Florida 102 kwa 79. Kisha wakawakuta Florida State mjini mwao Tallahassee, wakawafunga 86 kwa 65 na kuingia kumi na sita bora. Huko, South Carolina, timu ya kocha Dawn Staley, ndiyo iliyowasimamisha. Mwaka 2019 walirudi, wakaifunga Rutgers, wakatolewa na Connecticut kwenye uwanja wa Connecticut kwa tofauti ya pointi 12 tu.

Mnaofundisha mnajua maana ya timu ya nafasi ya 11 kufunga pointi 102. Kocha wa timu ndogo mara nyingi hupunguza mwendo wa mechi, anajificha. Yeye aliongeza mwendo. Mimi naamini msimu wa mechi 24 za kupoteza una mkono wake hapo. Mtu aliyekwisha kufukuzwa mara moja huwa hana la kuogopa zaidi, na hufundisha anachokiamini.

Kurudi kwa pili

Agosti 2021 kocha wa Syracuse alijiuzulu kufuatia malalamiko ya baadhi ya wachezaji juu ya namna walivyotendewa. Wachezaji wengi walikuwa wameshahama. Msimu ukachezwa na kocha wa kukaimu, timu ikashinda mechi 11 na kupoteza 18. Machi 2022, Legette-Jack akiwa ametoka kuipa Buffalo ubingwa mwingine wa kundi, alitangazwa kocha mkuu.

Kwa hiyo nyumbani walimwita siku nyumba ilipokuwa inavuja. Naomba tulitazame hilo bila machungu, kwa sababu ndivyo wanawake wengi wanavyopewa timu: pale ambapo imani imevunjika na anatafutwa mtu ambaye wazazi watamwamini. Hapo kuzaliwa pale kulisaidia, nakubali. Lakini mzazi hakabidhi binti yake kwa kocha kwa sababu alisoma Nottingham. Anaulizia wale aliowafundisha kabla wanasemaje.

Jibu lilikuja kwa miguu. Kanuni za NCAA zilikuwa zimelegezwa mwaka 2021, mchezaji akaruhusiwa kuhama chuo mara moja bila kukaa nje msimu mzima. Baadhi ya wachezaji wa Buffalo walimfuata Syracuse, na kati yao alikuwa Dyaisha Fair. Huyu ni mlinzi mfupi, hafiki hata futi sita, mtoto wa Rochester, mji ulio njiani kati ya Buffalo na Syracuse. Msimu wa kwanza timu ilishinda mechi 20. Msimu wa pili, 2023/24, ilishinda 24, na kocha akachaguliwa kocha bora wa kundi la ACC. Kwenye NCAA Fair alifunga pointi 32, Arizona wakalala 74 kwa 69. Mechi iliyofuata Connecticut waliwatoa 72 kwa 64. Fair alimaliza chuo akiwa na pointi 3,403 na, kwa wakati huo, nafasi ya tatu katika historia ya daraja la kwanza la wanawake, akimzidi Kelsey Mitchell, aliyemfuata kwenye orodha hiyo, kwa pointi moja.

Hapo kuna kejeli ndogo ambayo siwezi kuiacha. Mchezaji mkubwa kuliko wote aliyetoka eneo lile, Breanna Stewart wa North Syracuse, hakuichezea Syracuse. Alikwenda Connecticut akatwaa ubingwa wa taifa mara nne mfululizo, na ule wa nne, mwaka 2016, ulipatikana kwa kuifunga Syracuse kwenye fainali, 82 kwa 51. Binti wa nyumbani alikuwa upande wa pili. Sasa binti wa Rochester anakuja kwa sababu ya kocha, na kocha huyo alimpata akiwa Buffalo, si Syracuse. Uhusiano uliomletea Syracuse mfungaji wake ulijengwa ugenini.

Makocha wenzake wamepita njia nyingine. Dawn Staley alianzia nyumbani, Philadelphia, akifundisha chuo cha Temple tangu mwaka 2000 huku akiwa bado anacheza ligi ya kulipwa ya WNBA, kisha mwaka 2008 akahamia South Carolina, na mataji yake yote ya taifa ameyapata huko. Kim Mulkey alirudi Louisiana mwaka 2021 akiwa na mataji matatu aliyoyapata chuo cha Baylor, na miaka miwili baadaye akakipa chuo cha huko, LSU, taji. Huyo alirudi tajiri. Legette-Jack hakurudi na taji la taifa. Alirudi na miaka kumi ya Buffalo, na nadhani kwa hali iliyokuwepo Syracuse hiyo ndiyo iliyohitajika.

Fair alipoondoka, timu ilishuka: msimu wa 2024/25 ilishinda mechi 12 ikapoteza 18. Nyumbani hakumkingi mtu na matokeo.

Kwa ajili ya mjadala, ninaleta swali moja tu. Kocha huyu alikuwa msaidizi wa kulipwa kwa zaidi ya miaka kumi, katika vyuo vitatu, kabla hajapewa timu; na alipofukuzwa, kulikuwa na timu nyingine ya ngazi ya chini iliyoweza kumwajiri mwaka uleule. Timu zetu nyingi za wasichana zina kocha mmoja, asiye na msaidizi, na mara nyingi asiye na mkataba. Mchezaji wenu mzuri anayestaafu mwakani, mkimtaka awe kocha, ataanzia kwenye kiti kipi, na akiharibu msimu mmoja ataenda wapi? Naomba tuanzie hapo.