Kidonda Kidogo Katika Ngozi ya Boti

Katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Australia, yaliyoko Darling Harbour mjini Sydney, imehifadhiwa mashua ya tanga yenye jina la Blackmores First Lady. Ndiyo iliyomchukua Bibi Kay Cottee alipong'oa nanga mjini humo tarehe 29 Novemba mwaka 1987, akaizunguka dunia peke yake bila kutia nanga katika bandari yoyote, hata akarejea Sydney tarehe 5 Juni mwaka 1988. Safari hiyo ilichukua siku 189, naye akawa mwanamke wa kwanza duniani kuikamilisha kwa namna hiyo.

Chombo hicho hakikujengwa kwa mbao wala kwa chuma. Kilijengwa kwa faiba, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu iitwayo resini. Juu ya nyuzi hizo boti za namna hii huvikwa ngozi nyororo yenye rangi, ambayo unene wake ni kiasi cha nusu milimita tu. Mafundi huiita jelikoti. Mazungumzo ya leo yanahusu ngozi hiyo: jinsi inavyojeruhiwa, na jinsi inavyotibiwa.

Boti ya faiba hujengwa kuanzia nje kwenda ndani. Fundi hupaka nta katika kalibu, kisha hupaka jelikoti, ndipo hulaza tabaka za nyuzi na kuzinywesha resini. Boti ikitolewa katika kalibu, kile kilichopakwa kwanza ndicho kinachoonekana na macho. Fundi wa kukarabati hana bahati hiyo. Yeye hufanya kazi kinyumenyume: huanza na nyuzi, huifikia ngozi mwishoni, na hana kalibu ya kumlainishia kazi yake. Kilichobaki ni mkono wake, msasa na subira.

Bandari ya Sydney ni nzuri kwa macho, lakini si laini kwa boti. Kingo zake ni miamba ya mawe ya mchanga, na juu ya miamba hiyo na juu ya nguzo za magati huota chaza wenye kingo kali kama wembe. Maji yakipwa, boti iliyofungwa vibaya husuguliwa na chaza hao. Pengine mnyororo wa nanga huigonga omo, pengine chombo jirani huisukuma ubavuni. Matokeo yake ni kibanzi kilichobanduka, mpana wa ukucha, ambacho mwenye boti hukitazama na kusema kwamba atakishughulikia wiki ijayo.

Hapo ndipo hatari inapoanzia. Boti ya mbao ina huruma yake: mbao zikilowa huvimba, na viungo vyake hujibana. Faiba haina huruma hiyo. Palipobanduka hapajifungi penyewe. Chini ya usawa wa maji, bahari huingia polepole kwa kufuata nyuzi, huchanganyika na masalia ya kemikali yaliyomo katika resini, na baada ya muda ngozi huota malengelenge. Lengelenge likitobolewa hutoa maji makali yenye harufu kama ya siki. Matibabu yake ni kuparua ngozi yote ya chini, kuiacha boti ikauke nchi kavu kwa wiki au miezi, kisha kuivika upya. Gharama ya kibanzi kimoja huwa imekwisha kusahauliwa.

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa boti ya faiba, methali hiyo inahitaji nyongeza: anayeziba ufa wenye maji ndani yake amefungia ugonjwa. Kwa hiyo fundi hodari hakimbilii kopo la jelikoti. Kwanza hupima kina cha jeraha. Huchukua sarafu na kugonga taratibu kuzunguka mahali palipoumia. Faiba nzima hutoa mlio mkali na mkavu. Mlio ukiwa mzito, kama wa kitu kilichooza, tabaka za ndani zimeachana au zimelowa, na kazi si ya ngozi tena.

Ikiwa jeraha ni la ngozi peke yake, hatua zake zinaeleweka. Mahali huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kisha hufutwa kwa asetoni ili kuondoa nta na mafuta. Jambo hili hufanywa kabla ya msasa, kwa maana msasa ukitangulia huisukuma nta ndani zaidi. Kingo zilizolegea hukwanguliwa, na ufa mwembamba hupanuliwa uwe kama mfereji, kwa sababu jelikoti haiwezi kushika ndani ya mstari mwembamba kama unywele. Pakisha kukauka, jelikoti huchanganywa na dawa ya kugandisha kwa kipimo cha mtengenezaji, ambacho mara nyingi ni gramu moja mpaka mbili kwa kila gramu 100. Hujazwa ikipita kidogo usawa wa boti, kwa kuwa hunywea inapoganda.

Jelikoti ya kawaida ina tabia moja ya ajabu: upande unaoguswa na hewa haukauki, hubaki ukinata. Ndani ya kalibu tabia hii ni faida, maana tabaka linalofuata hushikamana nalo vyema. Katika ukarabati ni kikwazo. Fundi hufunika kiraka kwa karatasi ya plastiki isiyoyeyushwa na resini, au hutumia jelikoti iliyotiwa nta. Ikiisha kuganda, hupiga msasa wa maji kuanzia namba 320 au 400, akapanda taratibu hadi 1,200, kisha hung'arisha. Rangi nayo ina siri yake. Jua hufifisha boti nzima, kwa hiyo fundi hung'arisha kwanza eneo la jirani, ndipo alinganishe rangi mpya na ile ya zamani.

Ikiwa ni tundu lililopenya nyuzi, kulijaza puti ni kujidanganya. Kingo zake husagwa ziwe mteremko mrefu, mara 12 ya unene wa ubavu. Ubavu wa milimita 5 huhitaji mteremko wa milimita 60 kuzunguka tundu lote. Vipande vya nyuzi hulazwa tabaka kwa tabaka juu ya mteremko huo, ili nguvu ya wimbi ienee badala ya kuangukia mstari mmoja. Jelikoti huja mwisho kabisa.

Mwili wa fundi nao unahitaji ulinzi kuliko boti. Tone la dawa ya kugandisha likiingia jichoni linaweza kupofusha. Jicho lioshwe mara moja kwa maji mengi, kwa dakika 15 au zaidi, na mtu apelekwe hospitali. Dawa hiyo isichanganywe kamwe moja kwa moja na dawa ya kuharakisha, kwani huweza kulipuka. Miwani ya kinga, glavu na barakoa yenye kichujio cha mvuke na vumbi si mapambo. Vumbi la msasa nalo hukusanywa lisiangukie majini. Katika jimbo la New South Wales, uchafuzi wa maji ni kosa chini ya sheria ya hifadhi ya mazingira ya mwaka 1997.

Maarifa haya hayaishii Australia. Kutoka Lamu hadi Mafia, boti za faiba zinaelea leo pembeni mwa majahazi, na mafundi waliorithi kazi ya kalafati wanaombwa wazigange. Joto la pwani hiyo hubadilisha mahesabu. Mjini Sydney, usiku wa mwezi Julai huweza kushuka hadi digrii 8, na resini chini ya digrii 15 husuasua. Mjini Dar es Salaam mwezi Januari, huweza kuganda koponi kabla haijafika kwenye boti. Dawa ni kuchanganya kidogo kidogo, kivulini, asubuhi mapema, bila kupunguza dawa ya kugandisha chini ya kiwango cha mtengenezaji.

Mvuvi anayeondoka alfajiri na wenzake wanne hana nafasi ya kuchungulia ndani ya ubavu wa boti akiwa mkondoni. Nafasi hiyo anayo jioni, chombo kikiwa mchangani, maji yakiwa yamekupwa. Sarafu moja mfukoni inatosha kuanza uchunguzi.