Video Isiyotikisika: Kuchagua Kifaa Kinachofaa Kazi
Mazungumzo kwa wakazi wa Wadi ya Kasikeu



Makueni inajulikana kwa kamati za wananchi zinazokagua miradi ya kaunti kabla mkandarasi hajalipwa. Siku hizi mkaguzi huja na simu mkononi. Lakini ufa kwenye ukuta wa bwawa la mchanga hauonekani katika video inayotikisika. Mkandarasi atasema ni kivuli tu, na kamati itakosa la kujibu. Kwa hiyo utulivu wa picha si urembo, ni ushahidi.

Kifaa cha kwanza hakiuzwi: ni mwili. Mpigaji hushika simu kwa mikono miwili, hubana viwiko mbavuni, na huegemea ukuta au mti uliopo.

Kwa kikao cha wadi, mahojiano au ukuta wa bwawa, kinachofaa ni tripodi, yaani stendi ya miguu mitatu. Haitumii chaji. Upepo ukivuma, mfuko wa mawe ukining'inizwa katikati huizuia kuyumba.

Kwa kutembea kando ya barabara au mtaro, gimbali hufaa zaidi. Vihisi vyake hupima mtikisiko wa mkono, na mota tatu huigeuza simu upande wa pili ili ibaki sawa. Hata hivyo haiondoi mruko wa hatua. Mpigaji hukunja magoti kidogo na kwenda polepole. Kabla ya kununua, simu ijaribiwe papo hapo dukani ikiwa na kava lake, kwa sababu gimbali ikizidiwa uzito hutetemeka. Muda wa chaji na waranti viulizwe pia.

Simu nyingi zina programu ya kutuliza video. Inasaidia, ila hukata kingo za picha, na jioni mwanga ukififia picha huweza kuwa na ukungu.

Zamani utulivu huu ulikuwa wa wenye studio. Mmarekani Garrett Brown alipobuni Steadicam miaka ya 1970, mpigaji alivaa fulana maalumu ya kubebea kamera. Leo kifaa huingia mkobani.

Kamati yenye fedha za kifaa kimoja ianze na tripodi; gimbali inaweza kusubiri. Ukuta wa bwawa hautembei, na anayeupiga video hana haja ya kutembea.